Safu ya Maoni

Fomu ina safu tatu:
lengo, utekelezaji, maoni.
Ya maoni upana wake vidole viwili.
Mimi katibu wa chama, kalamu nimeazima kwa mweka hazina,
nitauingizaje mwaka mzima wa Nkuhungu
kwenye vidole viwili?

Lengo: nyumba kumi na mbili za bei ya mtu wa kawaida.
Utekelezaji: saba.
Ya nane imefika lenta, inasubiri mabati;
mbuzi wa jirani ameshahamia
bila kodi, bila mkataba.
Tuliandika "saba". Mbuzi hatukumwandika.

Matofali tulifyatua wenyewe,
udongo wa hapa hapa, saruji kidogo,
mashine ya mkono inayolia kama punda aliyegoma.
Fundi Chilewa alicheka siku ya kwanza:
"Babu yangu alijenga tembe kwa udongo huu huu
mkatuita washamba.
Leo mmeunyunyizia saruji kiganja kimoja
mnauita teknolojia."
Tukacheka naye, kisha tukanyamaza,
maana alisema kweli
na alikuwa anatudai ujira wa siku nne.

Lengo: miche mia nne.
Utekelezaji: mia nne ilipandwa.
"Ilipandwa" ni neno zuri kwenye taarifa,
halisemi kilichofuata.
Kilichofuata ni Julai, na upepo wa Julai,
vumbi jekundu mpaka kwenye chai,
na yule mbuzi, na shangazi zake.
Iliyo hai leo ni sitini na tatu.
Nimeihesabu kwa miguu, mwarobaini kwa mwarobaini;
mmoja niliuhesabu mara mbili,
nikarudi kesho yake kuufuta.

Mvua ilichelewa hadi Januari,
ikaja usiku mmoja kama mdai.
Tangi la shule likajaa mpaka likamwaga.
Usiku wa pili koki ikaibwa.
Tulinunua nyingine (risiti imeambatishwa),
na tangu hapo mlinzi Masinjisa
analala ameegemea tangi,
anasema ubaridi wake unamtuliza mgongo.

Sasa nifike kwa Mwaja.

Mwaja Ndahani, muuza ubuyu na karanga pale stendi,
amehama mara tano tangu mji uwe makao makuu.
Chumba cha elfu ishirini kilivaa tai
kikawa cha elfu sabini,
tena miezi sita mkononi.
Kila akihama kitanda kinapoteza kitu:
chaga, msumari, mguu.
Cha mwisho kilisimama juu ya matofali mawili
na dumu la mafuta.

Agosti tulimpa ufunguo wa nyumba ya nne.
Hakuingia.
Alikaa kizingitini, akaugeuzageuza,
akauliza, "Mwenye nyumba anakuja lini?"
Nikamwambia mwenye nyumba ni wewe,
utalipa kidogo kidogo, miaka minane, na hati hii hapa.
Akasema, "Sawa, nimesikia.
Nauliza yule wa kweli."

Miezi mitatu alifagia ua wa watu wote
kama mgeni anayeogopa kufukuzwa.
Mkutanoni alikaa nyuma, karibu na mlango.
Akileta rejesho aliziweka noti mezani kwa mikono miwili,
hatazami usoni.

Wafadhili wanauliza: je, mabadiliko ni endelevu?
Thibitisha kwa mifano.
Nimekaa na swali hilo tangu adhuhuri,
wino umekauka, chai imeota ngozi.
Nina sitini na tatu. Nina saba na lenta.
Nina deni la saruji mifuko kumi na moja
ambalo mwenyekiti anataka liitwe "changamoto".

Basi nimegeuza karatasi ubavu,
nimeandika kwa herufi ndogo, kwenye vidole viwili:

Novemba, nyumba ya nne.
Mlango umepakwa rangi ya bluu.
Hakuna aliyeombwa ruhusa.